Tofali Hula Kwanza

Kompyuta ya dada Imelda ilikufa Jumanne iliyopita, saa kumi alasiri, mapajani mwangu, nikiwa natafuta maswali ya fizikia ya miaka ya nyuma na, nisidanganye, nikiwa nimefungua pembeni dirisha jingine la wachekeshaji. Haikuaga. Feni yake, ambayo kwa miaka mitatu ilikuwa ikikohoa kama mzee aliyekwamwa na mwiba wa perege, ilinyamaza ghafla, kioo kikawa cheusi, nikajiona ndani yake nimeachama mdomo. Najua watu huandika kumbukumbu zao wakishakuwa na mvi na kiti cha kuegemea. Mimi nina chunusi, nina mtihani wa kidato cha sita unaonisubiri, na kiti changu kina mguu mmoja uliofungwa kwa mpira wa baiskeli. Lakini ukiwa na miaka kumi na nane, miaka mitatu ni safari ndefu kweli. Yule Skola niliyekuwa mimi kidato cha tatu namwona kama mdogo wangu fulani mwenye kiherehere, ambaye nikikutana naye leo barabara ya Kibaoni nitampiga kofi kwanza, salamu baadaye. Na ile maiti ya kompyuta ilipokaa mapajani, yeye ndiye aliyenijia kichwani, na pamoja naye harufu ya pumba zinazoungua.

Dada Imelda alihamia kama mpangaji kwenye chumba chetu cha nje, hapa Lipangalala, Ifakara, mwezi wa kwanza wa mwaka ule. Chuo alikuwa amemaliza mwaka uliotangulia, uhandisi wa mitambo, na kazi alikuwa anaitafuta kama wenzake wote. Alikuja na begi moja, godoro, na kompyuta aliyoibeba kifuani kama mtoto anayeumwa. Chumba kile kilikuwa na dirisha dogo linalotazama choo na bati lisilo na dari, kwa hiyo kufika saa saba mchana unaweza kuoka mkate juu ya mto. Alikuwa na feni moja. Siku ya kwanza nilipochungulia, na mimi kuchungulia ndiyo kipaji changu, nilikuta feni imeelekezwa kwenye kompyuta, kompyuta imekalishwa juu ya matofali mawili ili ipate hewa chini, inapepewa kama bibi harusi, na mwenye feni amekaa sakafuni anatiririka jasho. Ukutani alikuwa amebandika mchoro wa kitu kama jeneza lenye bomba la moshi. Nikamwuliza, "Dada shikamoo, nani amefariki?" Akajibu bila kugeuka, "Marahaba. Hilo ni tanuru. Na wewe mbona hubishi hodi?" Nikajua tutaelewana.

Tanuru lenyewe lilikuwa la akina mama wa Mchombe, wale wanaozalisha mbegu ya mpunga. Mwenyekiti wao, Mama Kolumba, alikuwa anakuja nyumbani kwetu na bodaboda, khanga mbili, mwavuli mmoja, sauti ya kutosha watu kumi. Mwaka uliotangulia mvua haikuondoka wakati wa mavuno. Mbegu yao waliyoianika kwenye maturubai ililoa, ikakauka nusu, ikaloa tena, ikaota pale pale kwenye turubai, kijani kibichi, kama zulia. Sasa walitaka kukausha kwa moto wa pumba, mvua inyeshe isinyeshe. Lakini mbegu ina madeko. Hewa inayoipuliza ikizidi nyuzi arobaini na tatu hivi, kiini kinakufa, na ubaya ni kwamba kwa nje punje inabaki nzuri vile vile, ya dhahabu, inang'aa, unaipanga kwenye gunia kwa fahari. Utajua imekufa ukiwa umeshaimwaga shambani na majirani wameshapanda. Nilikuwa nyuma ya mlango siku Mama Kolumba alipoliweka jambo hilo mezani, kati ya sahani ya kambale wa kukaanga na bakuli la mlenda. "Mwanangu, mimi mashine sizijui," alisema, akichambua miiba bila kuangalia. "Nakuuliza moja tu. Itaota?" "Itaota, mama." "Basi. Nikishawaambia wenzangu itaota, sina mdomo mwingine wa kwenda kuwaambia haikuota." Kisha akapaza sauti: "Na wewe uliye nyuma ya mlango, njoo utoe vyombo."

Nieleze kidogo kompyuta ilikuwa inafanya nini, maana bila hiyo hutaelewa nilichoharibu. Programu inalikata tanuru vipande vidogo vidogo, maelfu kwa maelfu, vingine vya hewa, vingine vya chuma, vingine vya tofali. Kila kipande kinamwuliza jirani: wewe una joto kiasi gani? Kikipata jibu kinajirekebisha kidogo, halafu kinauliza tena. Wakishaulizana wote, hiyo ni raundi moja. Raundi zinarudiwa na kurudiwa mpaka ifike mahali kila mmoja anauliza na kukuta jibu ni lile lile. Hapo dada Imelda alikuwa anasema, "Imetulia," na ndipo unaweza kuiamini namba inayotoka. Shida ni kwamba vipande havina tabia moja. Hewa ni wadada wa saluni: habari ikiingia mlangoni, kabla hujakaa kitini wote wanayo. Tofali ni ofisi ya serikali: barua inaingia leo, inagongwa muhuri, inalala mezani, mhusika ameenda kunywa chai. Na programu ilikuwa inawatembeza wote kwa hatua moja, fupi fupi, kwa sababu hewa ukiikimbiza inachanganyikiwa na namba zinapasuka, zinakuwa za kichaa. Kwa hiyo hewa inatulia siku ya kwanza, na tofali linabaki nyuma linajikongoja, linapanda kidogo, nusu ya kidogo, mpaka ukiangalia mstari wa joto lake unaochorwa kwenye kioo utaapa umelala. Haujalala. Unatambaa. "Ndiyo maana sitaki mtu aangalie mstari," dada Imelda aliniambia. "Mstari unadanganya macho. Mtu aandike namba."

Sasa, neno "imetulia" ndilo lililonimaliza. Kwa dada Imelda lilikuwa neno la kazi. Kwetu mtaani imetulia maana yake ni kitu kizuri tu: viatu vimetulia, wimbo umetulia, chipsi za pale stendi zimetulia kinoma. Ni neno unalolitoa mdomoni bila kupitia kichwani.

Mtu wa tatu katika habari hii ni Fundi Ambakisye, mwenye karakana ya kuchomelea pale Kibaoni, aliyepewa kazi ya kulijenga tanuru. Alitoka Tukuyu akiwa kijana, akafanya kazi miaka mingi kwenye matanuru ya kiwanda cha sukari, akastaafu na nyusi chache kuliko alizokuja nazo. Mtu mfupi, mpole, anasalimia kila mtu "Ugonile" hata kama ni Msukuma mwenye ng'ombe wake. Mimi nilikuwa nampenda, na watu ninaowapenda ndio ninaowafanyia visa. Mwezi wa pili, wakati anakunywa uji, nilichungulia dirishani nikapiga yowe, "Fundi, mtungi wa gesi unavuja!" Mtu aliyeishi na matanuru hangoji kuuliza. Fundi alitupa kikombe, akaruka ua wa michongoma akiwa na kandambili moja, akaanguka upande wa pili kwenye mtaro. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Aliporudi, uji kifuani, miiba kwenye goti, hakunipiga. Alinyoosha kidole tu. "Skolastika. Kuanzia leo, wewe hata ukiniambia jua limechomoza, nitatoka nje kuangalia."

Likizo ya Pasaka dada Imelda akaitwa usaili Dodoma. Ajira ya serikali, nafasi chache, watu kama siafu. Kompyuta ilikuwa katikati ya kazi, na kuisimamisha ilikuwa ni kuanza upya, wakati mavuno yanakaribia na Fundi anasubiri kuambiwa akate mabomba mangapi ya kupitishia hewa. Akanikabidhi. Nakumbuka alivyonikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanipa daftari la mistari, akanionyesha pembe ya kioo penye namba moja: joto la hewa inayotoka kuingia kwenye mpunga. "Kila baada ya saa mbili, kuanzia asubuhi mpaka jioni, unaandika saa na namba. Siku tano. Ikikaa bila kubadilika siku nzima, siku nzima Skola, siyo dakika tano, ndiyo imetulia. Nitakupigia." Nikasema sawa dada, ondoka na amani. Na siku ya kwanza niliandika kweli. Saa mbili, arobaini nukta sita. Saa nne, arobaini na moja nukta moja. Saa sita, arobaini na moja nukta nne. Lakini wewe hebu kaa kwenye chumba chenye bati, mchana wa Ifakara, mvua imenyesha na jua limerudi, nje watoto wanapiga kelele, unatazama namba inayosogea kama kobe mgonjwa. Miguu yangu haijaumbwa kwa kazi hiyo. Nikikaa, goti linatikisika. Nikiacha goti, kidole kinagonga. Nikishika kidole, moyo unatoka nje wenyewe. Siku ya pili kulikuwa na bonanza la mpira wa wasichana Kibaoni na mimi ndiye winga wa kulia. Nikachukua daftari nikajaza siku zote nne zilizobaki kwa mkupuo mmoja.

Nilifanya kazi safi, hilo lazima niseme. Nilianza na arobaini na moja nukta saba, nikapandisha pole pole, nane, nane, tisa, nikashusha mara moja ili ionekane ya kweli, nikamalizia na arobaini na mbili kamili mara sita mfululizo. Nilitumia kalamu mbili, ya bluu na nyeusi, eti ya bluu iliisha wino. Ukurasa mmoja niliudondoshea chai. Kama ningesoma kwa bidii ile, leo ningekuwa nawaandikia kutoka mahali pengine. Siku ya tano simu ikaita nikiwa uwanjani, nahema. "Imetulia?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesimama kwenye foleni tangu alfajiri. "Imetulia, dada." "Ngapi?" "Arobaini na mbili." "Una uhakika?" "Imetulia kinoma," nikasema, nikarudi kupiga kona. Jioni ile ile akampigia Fundi: mabomba ishirini na manne. Fundi akaanza kukata.

Siku mbili baadaye, asubuhi, dada Imelda akiwa njiani kurudi, nikaingia chumbani kupanga panga mambo. Kompyuta nilikuwa nimeiacha inaendelea. Hata kuizima nilisahau. Nikatazama pembe ya kioo. Arobaini na tisa nukta tatu. Nikafikiri nimeona vibaya, nikafuta kioo kwa khanga. Arobaini na tisa nukta tatu. Nikakaa kwenye ile ndoo, na kwa mara ya kwanza maishani nilikaa bila kutikisa kitu. Ikawa arobaini na tisa nukta nne. Mstari wake, ukiutazama kwa ujumla, ulikuwa umenyooka kama barabara mpya. Nikafanya jambo ambalo hata sasa nikiliandika masikio yanapata moto: nikaisimamisha programu, nikafuta yale matokeo, na dada alipofika nikamwambia umeme ulikatika. Akalishika daftari langu, akalifungua, akapitisha kidole kwenye zile namba. "Umejitahidi, mdogo wangu," akasema, akanipa pakiti ya zabibu kavu za Dodoma. Sijawahi kula kitu kilichokataa kushuka kooni kama zile zabibu. Kwa lugha yetu, kukausha ni kunyamaza na jambo lako. Basi mwaka ule akina mama wa Mchombe walikuwa wanajiandaa kukausha mpunga, na mimi nilikuwa nimeshakausha.

Ukitaka kujua kukausha kunafananaje, kunafanana na kuwashwa mahali usipofika. Nilirudi shule, nikawa nachekesha darasa zima kuliko kawaida mpaka mwalimu wa hesabu akauliza kama nimekunywa kitu. Nyumbani nilikuwa sikai. Nikitumwa chumvi narudi na sabuni. Dada Imelda ndiye alikuwa ananifundisha kupika wali siku hizo, maana aliona aibu msichana wa Ifakara anapika wali unaobaki na kiini, laini nje, mgumu katikati. "Tatizo lako unafunua," alisema. "Maji yakikauka unadhani umeiva. Palia makaa juu ya mfuniko, ondoka, uache moto ufike katikati." Mimi nafunua. Anageuka kutafuta kijiko, nafunua. Anachapa mkono wangu kwa mwiko. Na majina ya usaili yalipotoka, lake halikuwemo. Nilikuwa naosha sufuria dirishani kwake, nikamsikia akiongea na mama yake kwenye simu, sauti imebanwa ili isivuke ukuta: "Hapana, mama. Sikupata. Sasa nina hili tanuru tu." Nikasugua ile sufuria mpaka Fundi angeweza kupitisha mkono upande wa pili. Siku ile ningesema. Nilifika hadi mlangoni kwake, nikabisha hodi, akafungua, macho mekundu, nami nikamwambia, "Dada, unajua kuku wetu anafanana na mkuu wetu wa shule?" Akacheka. Nikaondoka.

Likizo ya mwezi wa sita tukaenda Mchombe wote, tanuru likiwa limeshajengwa kwenye banda la akina mama: matofali ya kuchoma, mabomba ishirini na manne ya Fundi yamepangwa ndani kama filimbi, feni kubwa, na pembeni sanduku la mbao la kumwagia mpunga. Mvua ya manyunyu ilikuwa inanyesha. Magunia ya mbegu yalikuwa yamepangwa ukutani, yameanza kutoa joto na harufu ya unyevu, na akina mama walikuwa wanayagusa gusa kama paji la uso la mtoto. Fundi akawasha pumba saa moja asubuhi. Feni ikavuma. Dada Imelda akachomeka kipimajoto kwenye mdomo wa hewa, akachuchumaa hapo. Thelathini. Thelathini na tano. Kufika saa tatu ilikuwa arobaini na moja, ikasimama. Nusu saa nzima, arobaini na moja. "Imetulia," akasema, na niliona mabega yake yakishuka sentimita kadhaa, kama mtu aliyetua ndoo. Akina mama wakapiga vigelegele. Mama Kolumba akafungua gunia la kwanza, akafanya ishara ya msalaba, akalimwaga.

Nikasema, "Simamisheni." Hakuna aliyesikia. Nikasema kwa nguvu, "Msimwage! Itapanda! Itafika hamsini!" Kisha mama mmoja akaanza kucheka, na wengine wakamfuata. "Huyu Skola huyu," Mama Kolumba akasema, akifuta mikono, "hata msibani atatuchekesha. Haya, gunia la pili." "Mama, sitanii!" "Wewe?" "Sitanii, haki ya Mungu sitanii. Zile namba nilizitunga." Nilimwona dada Imelda akigeuka pale alipochuchumaa. Hakusimama. "Namba zipi?" "Za daftari. Siku ya kwanza ni za kweli. Zingine nilizitunga kabla ya kwenda kwenye mpira. Ilikuwa arobaini na tisa na bado inapanda. Nikafuta." "Ulizitoa wapi?" "Kichwani." "Uliweka hata nukta." "Ili zionekane za kweli." Fundi alitoa sauti puani, nadhani cheko lilimponyoka, halafu akaona uso wa dada Imelda akalimeza. Mama Kolumba akanitazama, akakitazama kipimajoto. "Hiki hapa kinasema arobaini na moja," akasema. "Nimwamini huyu mtoto au nikiamini hiki?" Na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote: mwaka mzima nilikuwa nimeongea uongo mtamu na kila mtu akaununua, leo naongea ukweli na hakuna hata wa kuupokea bure.

Ndipo Fundi Ambakisye akaweka chini koleo. "Mimi nilimwahidi huyu mtoto," akasema, "akiniambia hata jua limechomoza, nitatoka nje kuangalia." Akazunguka nyuma ya tanuru. Tukamfuata, kundi zima. Akavua glovu, akabandika kiganja chake kwenye tofali la nje, akafumba macho kama daktari. Saa mbili na nusu za moto mkali ndani, na yeye amebandika mkono. "Bichi. Halina joto," akasema. Akahamisha mkono juu zaidi. "Bichi. Njoo, Imelda, gusa." Dada akagusa. "Kiwandani," Fundi akasema, "tanuru jipya tulikuwa tunaliwasha leo, kazi kesho. Tofali hula kwanza. Likishashiba ndiyo linakuachia wewe moto wako. Hili bado linakula." Dada Imelda alibaki ameweka mkono pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mama Kolumba akafikiri. Kisha akasema mbegu ya magunia mengine yote isiingie sandukuni, itandazwe kwa wembamba bandani, ipigwe na upepo bila moto. Lile moja lililomwagwa likae pale pale. "Nataka kuona kwa macho yangu," akasema. "Gunia moja nitalieleza. Yote siwezi." Tukakaa. Akina mama waligawa chai na mihogo, hakuna aliyenisemesha, na mimi sikutikisa goti. Saa sita, arobaini na nne. Saa nane, arobaini na saba. Saa kumi jioni kipimajoto kilikuwa hamsini na moja, na tofali la nje lilikuwa halishikiki.

Dada Imelda alininyima maneno wiki nzima. Shikamoo yangu ilipokelewa, marahaba, basi. Nilizoea kugombezwa, hilo naweza kuligeuza kichekesho. Ukimya ule sikujua niushike wapi. Siku ya nane akaniita, akanionyesha ile ndoo. "Kaa. Tunarudia." Kioo kilikuwa kimewaka. Alikuwa amebadilisha kitu kimoja: hewa alikuwa ameiachia hatua zake fupi, tofali akalipa hatua zake lenyewe, ndefu, mara mamia ya zile za hewa. "Mimi sihitaji kujua tofali lilipitaje njiani," akasema. "Nahitaji kujua litafika wapi. Basi acha lirukeruke." Chini ya ile namba moja alikuwa ameongeza nyingine mbili: moto unaoingia, na moto unaotoka. Ya kwanza ilikuwa kubwa kuliko ya pili. "Uliobaki uko wapi?" akaniuliza. Nikatazama. Nikamkumbuka Fundi na kiganja chake. "Tofali linakula," nikasema. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nane, akatabasamu, kidogo, upande mmoja. "Mpaka hizi mbili zifanane, hakuna anayeruhusiwa kusema imetulia humu ndani." Kazi iliyokula wiki mbili ikamalizika mchana ule ule. Hamsini na mbili. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea, akiangalia kioo, siyo mimi. "Na mimi nilitaka kulisikia hilo neno, Skola. Nilikuwa kwenye foleni, nimechoka, nikataka mtu aniambie imetulia. Ningeuliza swali moja zaidi ungekwama." Nilifungua mdomo nitie utani hapo. Nikaufunga.

Fundi alitoboa dirisha la hewa baridi kwenye njia ya hewa, lenye kifuniko cha kusogeza, na mbegu iliyobaki ikakauka kwa nyuzi arobaini na mbili, moto ukiwashwa siku moja kabla ili tofali lishibe kwanza. Mbegu mpya hulala kwanza, haioti mara moja, kwa hiyo tulisubiri hadi mwezi wa nane kuipima. Mama Kolumba alitandaza vitambaa viwili vibichi mezani, akapanga punje kwa mistari kama wanafunzi kwenye paredi. Kitambaa cha kwanza kiliota, vijimkia vyeupe kila mahali. Cha pili, cha lile gunia moja, punje zilikaa tu, nzuri, za dhahabu, siku ya nne, ya saba, ya kumi. Nilikuwa naenda Mchombe kila Jumamosi kuzitazama kana kwamba nikizitazama sana zitaona aibu. Jumamosi ya mwisho nilikuta gunia limeshakobolewa. "Njoo jikoni," Mama Kolumba akasema. Akanipa sufuria, akanipa mchele ule, akakaa kwenye kigoda nyuma yangu. Nikaosha, nikabandika, maji yakakauka, nikapalia makaa juu ya mfuniko. Mkono ukaenda wenyewe. "Usifunue," akasema. Nikaurudisha mkono. Tukakaa. Alikuwa anamenya vitunguu na kuimba nyimbo za kanisani bila maneno. Muda ulikuwa mrefu kuliko chumba cha bati, kuliko lile banda, na hakuna namba ya kuangalia. Akamaliza vitunguu vyote. Kisha akasema, "Haya." Nikapakua, nikampa yeye kwanza. "Hii ni mbegu yako," akasema. "Kula." Ulikuwa wali mtamu kuliko wowote niliowahi kupika, umeiva mpaka moyoni, unanukia bonde zima. Hapo ndipo nilipolia, mdomo umejaa, na yeye akaniongezea bila kuuliza.

Dada Imelda alikuja kupata kazi mbali, mwaka uliofuata, na kompyuta akaniachia, na lile daftari la kalamu mbili akalibandika ndani ya mfuniko wa boksi la kuhifadhia kompyuta ili nilione kila nikilifungua. Ndiye niliyempigia Jumanne, maiti ikiwa mapajani. "Dada, shikamoo. Bibi harusi amefariki." "Marahaba. Taratibu. Feni haizunguki?" "Haizunguki." "Taa yoyote?" "Hakuna." "Basi imezima kabisa. Itupe." Nilikuwa na jibu mdomoni, la haraka, zuri, la kumchekesha. Badala yake nikaigeuza kompyuta, nikabandika kiganja chini yake, nikafumba macho. "Skola? Uko hapo?" "Nipo," nikasema. "Subiri kidogo, dada. Bado ya moto. Haijatulia."